Kwenda Kusikiliza Kantri na Mama Mkwe

Mmeniuliza kila mmoja kwa wakati wake, kanisani na kwenye simu, tamasha lilikuwaje, na kila mmoja nimemjibu kwamba lilikuwa zuri. Na kweli lilikuwa zuri. Lakini dada yangu Njoki aliniambia kwamba mtu aliyeusubiri muziki huo tangu utotoni hawezi kurudi na jibu la neno moja, na ana haki ya kulalamika. Basi nimekaa niwaandikie tangu mwanzo. Habari za tiketi na vyumba nitaziacha.

Laeken, Brussels, kabla ya kuondoka

Mliokulia upande wetu wa Ol Kalou mnajua ninavyoupenda muziki huu. Jumapili alasiri baba alikuwa akichagua viazi vya mbegu kwenye banda, redio imening'inia msumarini, na gitaa lile linalolia kama mtu aliyekataliwa. Nilikuwa sielewi neno hata moja. Nilipokuja kujifunza Kiingereza vizuri nikagundua kwamba nyimbo zile karibu zote zilikuwa za watu waliokuwa mbali na kwao.

Didier, mume wangu, ndiye aliyenipa safari hii iwe zawadi: tamasha kubwa la kantri, nje kwenye malisho ya ng'ombe, katika vilima vya katikati ya Ufaransa. Tuliipanga msimu wote wa baridi. Tulibishana kuhusu njia, viatu, na kama mtu mweusi mwenye kofia ya wachunga ng'ombe atachekwa au la. Halafu, tukiwa tumebakiza wiki chache, akaniambia yeye atabaki na Grâce, binti yetu, na mahali pake aende mama yake.

Maman Léontine, mama mkwe wangu, alikuja kuishi nasi baada ya mumewe kufariki Lubumbashi, kule Kongo. Grâce alikuwa bado anatambaa. Sasa ameanza shule ya msingi. Mwezi wa tano, tukiwa mezani, Maman alisema kwa sauti ileile anayoombea chumvi kwamba anarudi kwake. Hakumaanisha kwenda kutembea. Alitaka kurudi kuishi. Didier alicheka, akidhani ni utani. Maman hakucheka.

"Wee anakusikiaka," Didier aliniambia baadaye jikoni. "Mi nikisema, ananiona paka mutoto. Mutakuwa bawili tu njiani. Umuambie abaki. Iko na tension, na dada yake kule ni muzee kumupita. Nani atamupeleka hôpital?"

Tension ndiyo presha. Sikumkatalia. Mnajua kazi yangu ni kutunza wazee kule Woluwe-Saint-Lambert, na nimeona presha inavyoweza kumwangusha mtu. Nilidhani maneno ya kumwambia hayatanipungukia.

Maman mwenyewe alitaka kwanza kujua anapelekwa wapi.

"Ni muziki ya namna gani, Mama Grâce?"

"Inaitwa kantri, Maman. Maana yake ni nchi, au mashamba."

"Ya inchi gani?"

"Ya Amerika. Lakini waimbaji wengi watakuwa Wafaransa."

Akafikiri kidogo. "Bafaransa banaimba ya Amerika, na weye wa Kenya unatoka Bruxelles kuenda kubasikiliza. Bon. Ntaenda."

Nilikuwa nimepanga tubebe mikate yenye jibini, chakula chepesi kisicho na fujo. Siku ya safari niliamshwa na harufu. Maman alikuwa ameshakaanga mandazi, ambayo yeye huyaita beignets, amepika makayabu, yule samaki wa chumvi, kwa nyanya na vitunguu, na amefunga bukari, ugali wao, kwenye karatasi ya bati ili usipoe.

"Maman, ni basi. Watu watalalamika."

"Batalalamika paka mbele ya kuonja," akasema, akafunga mfuko.

Basi la Lyon

Basi liliondoka stesheni ya Kaskazini limejaa, na kiyoyozi kikafa kabla hatujafika Namur. Baada ya Luxemburg tulikuta magari yamesimama mstari mrefu hadi upeo wa macho. Ilikuwa Julai, jua linapiga vioo. Tukaanza kujipepea kwa magazeti.

Nilimwuliza Maman kama amepata kitu tangu tuamke, maana dawa zake hazitaki tumbo tupu.

"Nilikula paka kidogo, mbele ya kutoka."

Kijana aliyeketi upande wa pili wa ujia aligeuka polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana amesikia. Akavumilia kwa muda. Mwishowe akaniinamia.

"Sorry, dada. Shikamoo kwa mama. Mimi ni Mtanzania, nasoma Dijon. Naomba tu kuuliza. Mama amesema amekula paka?"

Nilicheka mpaka machozi, maana mwaka wangu wa kwanza katika ndoa nami niliwahi kusikia hivyohivyo, nikampigia dada yangu simu kwa hofu. Nikamweleza kijana kwamba kwa watu wa Katanga, jimbo la Lubumbashi, "paka" ni "tu" au "peke yake", na "mbele ya" ni "kabla ya". Maman alipoelezwa kichekesho hicho alimtazama yule mwanafunzi kwa huruma, akafungua mfuko.

"Mwana, iko na njaa huyu. Kula."

Harufu ya makayabu ikaenea basi zima. Dereva, ambaye hakuwa na la kufanya kwa kuwa magari hayasogei, alisimama akauliza kwa Kifaransa kikali ni nani mwenye samaki. Mimi nilitazama dirishani. Maman akainua mkono.

"Ni wangu, bwana. Nikukatie kipande?"

Dereva akasema kwamba akiwa kazini haruhusiwi, lakini andazi moja halina neno. Likafuata la pili. Mama mmoja nyuma yetu akaomba kuonja mchuzi. Tulipofika Dijon, yule Mtanzania akiteremka na bukari iliyofungwa vizuri, nusu ya basi ilimuaga Maman kwa jina, ingawa yeye alikuwa hateremki hapo.

Nilimtazama akipunga mkono. Nyumbani kwetu Laeken, Maman huketi karibu na dirisha na simu mapajani akisubiri Lubumbashi wampigie. Kwenye lifti majirani humwambia bonjour, naye hujibu bonjour, na mlango hufunguka. Sikuwa nimewahi kuona watu wanamzunguka hivi. Nilikuwa nimetunga sentensi zangu za kumshawishi, nikazianza mara mbili kabla ya Lyon, na mara zote mbili mtu alikuja kumuuliza kitu.

Treni iliyosimama

Asubuhi iliyofuata, baada ya kulala Lyon, tulipanda treni ndogo ya kwenda vilimani. Behewa lilikuwa na watu wengi wa tamasha: kofia pana, viatu vya ngozi vyenye visigino, mikanda yenye vifungo vikubwa kama visahani. Maman aliwakagua mmoja mmoja. "Aba bote ni ba-cow-boy?" aliuliza. Nikamwambia wengi wao labda ni wahasibu.

Treni ikasimama kwenye kituo kidogo chenye ua wa mawaridi na benchi moja. Ng'ombe walikuwa wameingia relini huko mbele. Kondakta alituomba tuvumilie kidogo, na kidogo hicho kikaendelea hadi vivuli vikahama upande mwingine wa jukwaa. Tuliteremka kupunga hewa. Muziki ulikuwa umeshaanza huko tuendako, na mimi nilikuwa nazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga.

Kwenye benchi tulimkuta mzee mmoja wa Kifaransa, kofia nyeupe, shati lenye nyuzi zinazoning'inia mikononi. Alijitambulisha kuwa Gérard, akatupisha nafasi na kutuuliza tumetoka wapi.

"Kenya," nikasema.

"Kenya," Maman naye akasema.

"Ah, Kenya. Simba," akasema Gérard kwa furaha.

"Kwetu hakuna simba," Maman akamjibu kwa Kifaransa. "Kuna soko."

Ikabidi nieleze. Mimi ni wa nchi ya Kenya. Maman ni wa Kenya nyingine, mtaa wa Lubumbashi wenye jina hilo, vumbi jekundu na soko lisilolala mapema. Gérard alitaka kujua hiyo Kenya ya pili ikoje, na Maman akamweleza. Alimweleza nyumba yake yenye veranda, akina mama wanaopita wakimwita kutoka barabarani, kwaya aliyoiongoza, vitambaa alivyouza. Alisimulia kwa Kifaransa chake cha polepole na kila baada ya muda akisita kutafuta neno. Gérard hakumharakisha. Aliposimama kwenda kuuliza habari za ng'ombe, tukabaki wawili.

"Mama Grâce," Maman akasema bila kunitazama. "Didier alikutuma useme na mi."

Sikuona faida ya kukana. "Ndiyo, Maman."

"Basi sema."

Nikasema. Nilisema presha, nikasema hospitali, nikasema Grâce atamlilia. Alisikiliza yote, mikono imelala juu ya mfuko wa chakula.

"Iko kweli bile unasema," akajibu. "Mi siko mutoto, najua mwili yangu. Lakini sikia. Kwetu, muntu akikufa mu avenue, mu mutaa yetu, njo mi banakuya kuamusha. Banapiga ku dirisha: Maman Léontine, amuka. Mi njo najua nani atapika, nani atalala na mujane, wimbo gani tutaimba. Hapa miaka yote hii, hakuna muntu alikuya kuniamusha. Munanipenda, munanipa dawa, munaniambia nipumzike. Nilipumzika sana, mwana."

Alisema bila uchungu wowote. Kondakta akapuliza filimbi. Ng'ombe walikuwa wametoka.

Uwanjani

Kisha tukaingia kwenye yale malisho. Mteremko mzima wa kijani umejaa watu, maelfu kwa maelfu, viti vya kukunja, mablanketi, moshi wa soseji, na chini kabisa jukwaa kubwa kama ghorofa lililolazwa ubavu. Halafu gitaa lile likalia. Nilimkumbuka baba na viazi vyake, nikasimama pale katikati ya njia na kuzuia watu hadi Maman akanivuta mkono.

Gérard alitutafutia nafasi kando yake. Maman aliketi kwenye kiti cha kukunja, amevaa kitenge chake kikubwa chenye samaki wa buluu, na watu wawili walimwomba kupiga picha naye kabla hajatoa maji kwenye mfuko. Hakuna aliyetucheka.

Mwimbaji wa jioni ile alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti nzito. Maman alitaka kujua kila wimbo unasema nini, nami nikawa namtafsiria sikioni. Huyu ameachwa. Huyu ameacha pombe, lakini pombe haijamwacha. Kisha ukaja wimbo wa taratibu, wa mwanamume dereva wa lori, yuko barabarani usiku na mchana, anakumbuka nyumba ya mama yake kando ya mto na anajua taa ya barazani bado inawaka. Watu waliokuwa karibu nasi walifumba macho. Mimi pia machozi yalikuwa karibu.

"Na juu ya nini harudi?" Maman aliuliza.

"Nini, Maman?"

"Iko na gari. Barabara iko. Mama anamungoya. Juu ya nini analia mu mikro? Arudi."

Gérard aliuliza amesema nini. Nilipomtafsiria kwamba anauliza kwa nini dereva yule harudi tu kwao, alicheka hadi akakohoa, akasema ameusikiliza wimbo ule maisha yake yote na swali hilo halijamjia. Nami nilicheka. Nilimtazama Maman, ambaye alikuwa ameshaendelea kula andazi lake na kutazama jukwaa. Hakuwa ametoa fumbo lolote. Alikuwa ameuliza tu jambo alilotaka kujua.

Nikaenda kununua viazi vya kukaanga. Foleni ilikuwa ndefu, watu wanaimba wakisubiri. Niliporudi, kiti cha Maman kilikuwa kitupu. Cha Gérard pia. Dawa zake zilikuwa kwenye mkoba wangu, na simu yake ilikuwa juu ya kiti.

Nilishuka mteremko nikisukuma watu na kuita. Katika kelele ile sauti yangu haikufika popote. Nilikuwa tayari nawaza nitakavyomwambia Didier nilipoona, karibu na jukwaa, mbao zimetandazwa na watu wanacheza kwa mistari: hatua mbili kulia, piga kisigino, geuka. Kwenye mstari wa mbele, kati ya wanawake watatu wazee wenye mikanda ya fedha, kulikuwa na kitenge chenye samaki wa buluu. Miaka ya kupanga kwaya iingie kanisani kwa hatua ilikuwa imemfundisha. Hakukosea kugeuka hata mara moja. Wale wanawake walikuwa wanamtazama yeye ili wajue mguu upi unafuata.

Nilisimama na viazi vyangu mkononi. Nilimwona Didier usoni mwake, Didier wa picha za zamani.

Kisha akashika kifua cha nguo yake, akapepesuka, na wanawake wale wakamketisha kwenye majani.

Hema la wauguzi

Halikuwa jambo kubwa, nawaambia mapema msije mkaogopa nilivyoogopa mimi. Muuguzi, binti mwenye mikono mepesi, alimpima presha, ikawa juu, lakini haikuwa ya kukimbizwa hospitali. Joto, kucheza, na maji ambayo hakunywa kwa kuogopa foleni ya choo. Alimlaza kivulini miguu juu, akampa maji kidogo kidogo, akampima tena hadi ikashuka. Gérard alikuwa amesimama nje ya hema, kofia mkononi, akiomba msamaha kwa kila aliyepita kwa sababu ni yeye aliyemwambia Maman aje kutazama wachezaji.

Muziki ulisikika kupitia turubai. Maman alifumbua macho.

"Usimuambie Didier."

Nilijua kwa nini. Akijua, mjadala umekwisha, mama hatatoka Laeken tena hata kwenda kununua mkate.

Nilikaa pale nikawaza kazini kwangu. Wazee wetu wako salama kabisa. Dawa zinakuja kwa wakati, sakafu haitelezi, kila kitanda kina kengele. Na kila jioni kuna anayenishika mkono kuniuliza ni lini atapelekwa nyumbani, nasi tumefundishwa kubadilisha mazungumzo kwa upole. Mimi ni hodari sana wa kubadilisha mazungumzo. Wakuu wangu wamenisifia kwa hilo.

"Nitamwambia, Maman," nikasema.

Akageuza uso kuelekea turubai.

"Nitamwambia kwamba ulianguka. Na nitamwambia kwamba uende."

Akavuta kitenge chake kikafunika miguu.

"Balikutuma useme ingine," akasema.

"Ndiyo. Nimeshaisema kule kituoni. Hii ya sasa ni yangu."

Akanyoosha mkono bila kugeuka, akaushika wangu. Nyimbo za mwisho za jioni ile, zile nilizozisubiri tangu nikiwa mtoto, nilizisikiliza hivyo, nikiwa nimekaa kwenye sanduku la maji hemani. Siku iliyofuata tulisikiliza kutoka kivulini, chini ya mwavuli ambao Gérard aliuleta na kutulazimisha tuuchukue.

Kurudi Laeken

Safari ya kurudi haikuwa na jambo. Hakukuwa na ng'ombe, basi lilikuwa na baridi ya kutosha, na Maman alilala begani kwangu kuanzia Dijon. Tulifika jioni kukiwa bado na mwanga. Didier alikuwa amepika, Grâce amechora farasi wa kutukaribisha. Maman alipoenda kuoga na Grâce akamfuata mlangoni kumwuliza habari za farasi, nilimweleza Didier kila kitu, kwa mpangilio uleule kama nilivyowaeleza ninyi.

Nilipofika kwenye kuanguka, Didier alisimama. Nilipofika kwenye neno langu la mwisho alinitazama kama mtu asiyenijua.

"Nilikutuma umuambie abaki."

"Nilimwambia. Akanijibu, na jibu lake ni zito kuliko maneno yetu."

"Na akianguka kule?"

"Anaweza kuanguka kule. Ufaransa alianguka, nami niko hatua chache tu kutoka kwake, na nina cheti cha kutunza wazee. Tutapanga. Tutamtafuta daktari wa mtaani, mtu wa kulala naye nyumbani, dawa za kutosha. Lakini hapa tunamlinda tu, Didier. Kule wanamhitaji."

Alitoka kwenye roshani, akafunga mlango wa kioo nyuma yake. Nilimwacha huko. Nilipanga sahani. Maman alirudi amejifunga kanga, nywele mbichi, akamtazama Didier kupitia kioo cha mlango, akaelewa. Hakuenda kumbembeleza. Aliketi mahali pake, akaanza kumtengea Grâce chakula.

Didier aliingia macho mekundu. Akasimama nyuma ya kiti chake, mikono miwili kwenye mgongo wa kiti.

"Maman. Unataka kuenda lini?"

"Mbele ya mvua ya kwetu," Maman akasema. Akamimina mchuzi kwenye sahani ya mwanawe, akaisogeza upande wake wa meza. "Ikala chini, mwana. Chakula itapoa."